Maswali ya Wasomaji: Vumbi Ndani ya Dohani

SWALI: Timu mbili zilipima dohani ya tanuri letu la saruji ndani ya juma moja, uzalishaji ukiwa uleule. Ripoti ya kwanza inasema miligramu 34 kwa mita ya ujazo, ya pili 53. Nani amekosea?

JIBU: Huenda hakuna. Kabla hamjaanza kulaumiana, someni maandishi madogo chini ya majedwali. Je, ni gesi kavu au yenye unyevu? Ujazo umerudishwa kwenye nyuzi 0 au nyuzi 20? Na oksijeni imesahihishwa? Hilo la mwisho ndilo huleta tofauti kubwa. Hewa inayopenya kwenye viungo vya mabomba huzimua vumbi, kwa hiyo kanuni hutaka namba irudishwe kwenye kiwango cha oksijeni kilichokubaliwa. Ulaya hutumia asilimia 10 kwa tanuri za saruji, 6 kwa boila za makaa ya mawe na 11 kwa tanuri za taka.

Hesabu ni hii: 21 (asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida) toa oksijeni ya kanuni, gawanya kwa 21 toa oksijeni mliyopima, kisha zidisha kwa namba ghafi. Kama siku ile gesi ilikuwa na oksijeni asilimia 14, basi 11 gawanya kwa 7, mara 34, ni 53. Yaani timu zote mbili zimewaletea namba moja, ila ya kwanza haikuisahihisha. Oksijeni yenyewe ipimwe palepale vumbi linapopimwa, na kwa wakati uleule.

SWALI: Tunapofyonza sampuli ya vumbi kwa pampu, kwa nini tusumbuke kuifanya kasi ya kufyonza iwe sawa na kasi ya gesi ndani ya dohani? Si rahisi zaidi kuweka pampu lita 20 kwa dakika mwanzo hadi mwisho?

JIBU: Ni rahisi, na namba itakayotoka haina maana. Chembe nzito haiwezi kukata kona upesi kama gesi. Pampu ikivuta kupita kiasi, gesi ya pembeni inaingia kwenye ncha ya kufyonzea, lakini chembe nzito zilizokuwa ndani yake zinanyoosha njia na kupita kando, matokeo yanashuka. Ikivuta kidogo mno, gesi inaikwepa ncha huku chembe nzito zikiingia vilevile, matokeo yanapanda. Chembe za maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili huifuata gesi, hivyo baada ya mifuko ya kuchujia iliyo mizima kosa huwa dogo. Mfuko mmoja ukitoboka hali inabadilika, na hapo ndipo mnapohitaji namba sahihi zaidi.

Chukulieni gesi inapanda mita 15 kwa sekunde, nyuzi 150, unyevu asilimia 10, na ncha yenu ina kipenyo cha milimita 6. Eneo la ncha mara kasi ni lita 25.4 kwa dakika. Ondoeni unyevu, zinabaki 22.9. Mita ya gesi iko nje, tuseme nyuzi 30, na gesi husinyaa ikipoa: zidisheni kwa 303, gawanyeni kwa 423 (nyuzi 30 na 150 zikiongezwa 273 kila moja, yaani kwa kelvini), mnapata lita 16.4. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye pampu, si 25 wala 20, na ibadilishwe kila mnapohamia nukta ya kupimia yenye kasi nyingine. Njia ya 5 ya Marekani, kanuni yao ya kupima vumbi la dohani, inakubali uwiano wa kasi ya kufyonza kwa kasi ya gesi wa asilimia 90 hadi 110. Kiwango cha Ulaya EN 13284-1 kinakubali 95 hadi 115.

Ncha ndiyo hupuuzwa kuliko vyote. Ikilika kutoka milimita 6 hadi 6.3, ongezeko ambalo jicho halilioni, eneo lake limekua kwa asilimia 10. Pampu ikibaki kwenye 16.4, uwiano umeshuka hadi karibu 91. Pimeni kipenyo sehemu tatu kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia vipenyo vidogo. Tofauti ikizidi milimita 0.1, au ukingo ukiwa na jino, itieni kando.

SWALI: Kichujio chetu kimerudi kikiwa chepesi kuliko kilivyokwenda! Inawezekanaje?

JIBU: Tazameni kwanza mpira wa kishikilia kichujio. Nyuzi za kichujio cha kioo hunata pale kilipobanwa, na msipozikwangua kwa brashi na kuzirudisha, uzito wake unapotea. Sababu ya pili ni kupima uzito kabla kichujio hakijakauka sawasawa mara ya kwanza. Kiacheni kwenye desiketa (chombo kilichofungwa cha kukaushia) saa 24, pimeni, rudieni baada ya saa 6 au zaidi, hadi vipimo viwili visipishane zaidi ya miligramu 0.5. Umeme tuli nao huyumbisha mizani.

Halafu msikitazame kichujio peke yake. Vumbi jingi hubaki ndani ya ncha na bomba la kufyonzea, mara nyingine kuliko lililofika kwenye kichujio. Osheni kwa asetoni huku mkisugua kwa brashi ya nailoni, mara tatu au hadi asetoni itoke safi, kausheni asetoni hiyo kwenye bika (bilauri ya maabara) na kupima masalia. Mbali na moto, bila shaka. Pelekeni pia kichujio kimoja juu ya dohani na kukirudisha bila kufyonza chochote. Kikionyesha miligramu 3, mmejua mikono yenu inachangia kiasi gani.

SWALI: Tundu la kupimia tulitoboe wapi?

JIBU: Mbali na kona. Marekani hutaka bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 8 ya kipenyo cha dohani kabla ya tundu na mara 2 baada yake. Hapo nukta 12 zinatosha, 6 kwa kila kipenyo kati ya viwili vinavyokatana. Dohani ya mita 1.2 itakuwa na nukta kwenye sentimita 5.3, 17.5, 35.5, 84.5, 102.5 na 114.7 kutoka ukuta wa ndani. Wa ndani, jamani: watu husahau kuongeza urefu wa shingo ya tundu na nukta zote zinahama. Mahali pakiwa pafupi, nukta huongezeka. Gesi ikiwa inazunguka, ikipinda kwa pembe ya wastani wa zaidi ya digrii 20, tafuteni mahali pengine au wekeni vibati vya kuinyoosha.

SWALI: Tangu tufunge mnara wa kuoshea moshi kwa maji, kipimio chetu cha mwanga kinaonyesha vumbi limeongezeka.

JIBU: Kinahesabu matone. Mwanga hautofautishi tone na chembe. Dohani ya namna hiyo huhitaji kipimio kinachovuta gesi nje na kuipasha joto hadi matone yakauke, kisha kioanishwe na vipimo vya kichujio. EN 14181, kiwango cha Ulaya cha vipimio vya kudumu, hutaka jozi za vipimo zisizopungua 15, katika siku tatu au zaidi. Ila msifurahi mapema: tone likikauka, chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki, na kichujio pia kitaihesabu kuwa vumbi. Kagueni kizuia matone kilicho juu ya mnara kabla ya kununua kifaa kipya.