Jifunzeni BGP mkiwa kikundi, kila mtu na mtandao wake

Anayejifunza BGP (itifaki ambayo mitandao ya intaneti huitumia kuambiana njia za kupitishia data) peke yake, akiwa na ruta zote, yaani vifaa vya kuelekeza data, mikononi mwake, huishia kujua amri tu. Itifaki hii huunganisha mitandao ya wenye maslahi tofauti, na kila mmoja huamua mwenyewe njia za kupokea na za kutangaza kwa jirani. Kwa hiyo ninawashauri wanaoanza watafute wenzao watatu au wanne, kila mmoja achukue namba yake ya mtandao kati ya zile za binafsi, 64512 hadi 65534, na asiguse kabisa ruta ya mwenzake.

Programu za kuendesha BGP zisiwapotezee muda: BIRD na FRRouting hupatikana bure. Muda uende kwenye mapatano ya nani ni mteja wa nani, nani wanabadilishana njia bila malipo, na anwani zipi zitapokelewa. Yaandikeni kabla ya kugusa kibodi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni hili: mtandao mdogo uunganishwe na watoa huduma wawili, kisha mwenyewe alegeze vichujio vyake (kanuni za kukubali au kukataa njia) ili njia zote zitangazwe. Njia alizopokea kwa mtoa huduma wa kwanza zitamfikia wa pili, na huyo, ikiwa amezipa njia za wateja wake, kama huyo mdogo, upendeleo wa 200 badala ya 100 ya kawaida (namba kubwa ndiyo hushinda), atazichagua hata kama zinapitia mitandao mingi zaidi, kwa sababu BGP hutazama upendeleo kabla ya urefu wa njia. Mara data ya wakubwa wawili inajazana kwenye kiungo chembamba cha mdogo. Mtoa huduma akikagua ruta yake haoni hitilafu yoyote, hivyo hana budi kumuuliza mwenzake ametangaza nini, na mazungumzo hayo hayapatikani kwa anayejifunza peke yake.

Baada ya hapo igizeni tukio la Februari 24, 2008, mtandao mmoja wa Pakistan ulipotangaza /24 iliyokuwa ndani ya /22 ya YouTube (haya ni mafungu ya anwani; namba ikiwa kubwa zaidi, fungu ni dogo na mahususi zaidi), na data ikaufuata, kwa kuwa ruta huchagua anwani mahususi zaidi. Maabara yenu iwe imetengwa kabisa na intaneti. Aliyeporwa ajaribu kujinasua kwa kutangaza /25 mbili, kisha mbadilishane nafasi: aliyepora awe mtoa huduma, aandike vichujio vya kumkatalia mteja anayetangaza anwani zisizo zake.