Chakula Bora cha Mwanafunzi Huanzia Getini

Nilipokabidhiwa kazi ya ualimu wa afya katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, nilianza kwa kuchora makundi ya vyakula ukutani na kutunga shairi la lishe lililoghaniwa kila Jumatatu mstarini. Baada ya muhula mmoja, karibu kila mtoto wa darasa la nne aliweza kuyataja makundi hayo bila kukosea. Hata hivyo, kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walewale walikimbilia getini kununua pipi, ubuyu uliokolezwa rangi na barafu za sukari, na hayo yalitokea katika wilaya ambayo msimu wa machungwa ukifika, mengine huoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilishauri wachuuzi wapigwe marufuku, na uongozi ukakubali. Haikuchukua muda biashara ikahamia nyuma ya vyoo, wanafunzi wakubwa wakawa wanawauzia wadogo pipi walizozificha kwenye mikoba, na akina mama waliopoteza riziki, ambao baadhi yao walikuwa wazazi wa watoto wetu, wakaacha kuhudhuria vikao vya shule.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu au kamati ya shule inayotaka kuanzisha mpango wa lishe ni huu: kabla ya kununua rangi ya kuchora ukutani, simameni getini kwa wiki nzima na daftari, muandike watoto wananunua nini na kwa shilingi ngapi, kisha muwaite wachuuzi na kuwasikiliza. Sisi tulipowaita hatimaye, walitueleza jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini, kwamba wao huuza kisichooza, kwa sababu pipi iliyobaki leo itauzwa kesho, ilhali chungwa lililokwisha kumenywa ni hasara. Tukakubaliana kwamba wao peke yao ndio watakaoruhusiwa kuuza, tena ndani ya uzio, kwa sharti kwamba pipi na barafu ziondoke na mahali pake pachukuliwe na machungwa, ndizi mbivu, karanga, mahindi na mihogo ya kuchemsha. Machungwa yangemenywa pale pale mtoto anapoyanunua, kwa mikono iliyooshwa kwa maji tiririka na sabuni. Mihogo ya kukaanga tuliiacha kwa siku mbili za wiki, na sioni kwamba tulikosea.

Jikoni nako pana mengi ya kufanywa bila fedha za mfadhili. Shule nyingi za kwetu hupika uji asubuhi na makande mchana, na ni rahisi kuvidharau vyakula hivi, ingawa mahindi na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana katika protini. Kinachokosekana ni mboga na tunda. Tulianza kutia matembele au mchicha katika makande dakika chache kabla ya kuepua, kwa kuwa mboga ikichemka muda mrefu hupoteza vitamini C, tukaongeza mafuta kidogo yanayousaidia mwili kunyonya vitamini A iliyomo katika majani ya kijani. Nusu chungwa baada ya makande lina faida ambayo wazazi wengi hawaijui, nayo ni kwamba vitamini C yake huurahisishia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Sukari ya uji tuliipunguza kidogo kidogo muhula mzima, nasi hatukusikia malalamiko.

Watoto wengi waliyakataa matembele mwanzoni. Msiwalazimishe wala kuwaadhibu. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea, kwa hiyo mpishi amwekee kijiko kimoja kila siku, na mwalimu wa zamu ale chakula hichohicho mbele ya watoto.

Bustani yetu ya kwanza ya mchicha ilikauka yote wakati wa likizo ya Juni kwa sababu hatukupanga zamu za kumwagilia. Sasa nashauri shule zianze na mipapai, mlonge na kisamvu, mimea inayovumilia siku za kusahauliwa. Ghala nalo lisipuuzwe: mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai na magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, kwani mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu waotao kwenye nafaka yenye unyevu, iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni michango. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi nchini hutolewa bila ada, lakini mahindi na maharage ya shuleni bado huwategemea sana wazazi, na nimewahi kushuhudia watoto ambao kwao hawakuchangia wakiamriwa kukaa chini ya mti huku wenzao wakila. Hakuna somo la lishe litakaloingia katika kichwa cha mtoto aliyefanyiwa hivyo. Jijini Nairobi, katika mpango wa chakula cha shuleni uitwao Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki kwenye kifaa na kupewa chakula. Sisi hatuna bangili, lakini tulikubaliana katika mkutano wa wazazi kwamba asiye na debe la mahindi alete kuni au afanye kazi siku moja katika shamba la shule, kwamba orodha ya waliochangia ibaki kwa mwenyekiti wa kamati pekee, na kwamba mpishi asiruhusiwe kuiona.