Jibu: Lignokeini au bupivakeini kwa kifundo kilichovunjika?
Daktari, kati ya dawa hizi mbili za ganzi, kwa mgonjwa wako wa kilo 60 aliyevunjika kifundo cha mguu ningechukua bupivakeini. Lignokeini huwahi kushika, lakini huisha mapema na maumivu humrudia usiku wodini. Bupivakeini yaweza kuchukua dakika 30 kushika, ila hutuliza kwa muda wa hata saa 12. Usizidishe miligramu 2 kwa kilo, yaani 120 kwake, ukijumlisha sindano ya neva ya siatiki (neva kubwa ya mguu) nyuma ya goti na ile ya neva ya safena. Hiyo ya safena usiiache, maana upande wa ndani wa kifundo utabaki na hisia. Bupivakeini ikiingia kwenye damu yaweza kusimamisha moyo: vuta bomba la sindano kwanza uone kama damu inaingia, sukuma kidogokidogo, lipidi ya 20% (mafuta ya kudunga mshipani kupunguza sumu ya dawa) iwe mkononi. Ingekuwa muundi uliopondeka ningesita, kwani ganzi nzito inaweza kuficha maumivu yanayoonya kuwa shinikizo linapanda ndani ya misuli.