Kikoa cha funksheni: x ≤ 1 imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna maswali mawili ya kikoa (namba zote ambazo x inaruhusiwa kuwa) yananisumbua. La kwanza ni f(x) = √((x − 1)/(x − 5)). Nilisema juu lazima x ≥ 1, chini x > 5, kwa hiyo jibu ni x > 5. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema x ≤ 1 au x > 5. La pili ni g(x) = 1/(√x − 3). Nimepata x > 9, kitabu kinasema x ≥ 0 isipokuwa 9. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sawa, na makosa yako yote mawili ni ya ukoo mmoja: umefukuza namba zisizo na hatia.

Tuanze na f. Weka x = 0, namba uliyoitupa. Juu unapata −1, chini −5. Hasi kwa hasi ni chanya, kwa hiyo ndani ya kipeuo kuna 1/5, na kipeuo chake cha pili ni kama 0.447. Jibu limepatikana bila shida yoyote, basi 0 imo ndani ya kikoa. Kipeuo hakiulizi juu kuna nini na chini kuna nini. Kinauliza sehemu nzima, ikishagawanywa, ni hasi au si hasi.

Wewe ulikigawa kipeuo kikawa viwili, √(x − 1) juu na √(x − 5) chini. Hiyo ni funksheni nyingine, na kikoa chake kweli ni x > 5. Kanuni ya √(a/b) = √a/√b inafanya kazi pale tu a si hasi na b ni chanya. Wengi wetu tuliikariri bila hilo sharti.

Njia ya uhakika ni mstari wa namba. Weka alama kwenye 1, ambapo juu panakuwa sifuri, na kwenye 5, ambapo chini panakuwa sifuri. Mstari umekatika vipande vitatu. Chukua namba moja kutoka kila kipande uijaribu. 0 tumeshaiona, inakubali. x = 3 inatoa 2/(−2), yaani −1, haifai. x = 9 inatoa 8/4, yaani 2, inafaa. Zimebaki zile mbili za mipakani: 1 inatoa 0/(−4), ambayo ni 0, na kipeuo cha sifuri kipo, kwa hiyo 1 inaingia. 5 inaleta sifuri kwenye asili, yaani sehemu ya chini, basi inabaki nje. Ndiyo maana kitabu kimeandika ≤ upande mmoja na > upande wa pili.

Usije ukazidisha pande zote mbili za (x − 1)/(x − 5) ≥ 0 kwa (x − 5) ili kuiondoa asili. Hujui kama ni chanya au hasi, na ikiwa hasi alama inageuka. Ukifanya hivyo utabaki na x ≥ 1, na 3 itapenya wakati tumeiona haifai. Kama huupendi mstari wa namba, zidisha kwa (x − 5)², ambayo haiwezi kuwa hasi: utapata (x − 1)(x − 5) ≥ 0, huku ukikumbuka x ≠ 5.

Kwenye g, uliidai asili iwe chanya. Nani kakwambia? Asili inakatazwa kuwa sifuri, basi. Weka x = 4: √4 − 3 = −1, na 1/(−1) ni −1, jibu halali kabisa. Kipeuo kinadai x ≥ 0. Asili inadai √x isiwe 3, yaani x isiwe 9. Hakuna sharti la tatu.

Nadhani ulichanganya na umbo kama 1/√(x − 9). Hapo kweli ni x > 9, kwa sababu asili yenyewe yote ni kipeuo: hasi inakataliwa na kipeuo, sifuri inakataliwa na mgawanyo. Katika g, ile −3 iko nje ya kipeuo.