Maswali ya Wasomaji: Tutapataje Zimamoto Huku Nje ya Mji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu, wenyeji wa Kigoma, tulinunua nyumba na ekari 3 vijijini Texas, nje ya mipaka ya mji wowote. Bima ya nyumba imepanda kwa sababu kituo cha zimamoto tulicho nacho kiko zaidi ya maili 5, nacho kinaendeshwa na watu wa kujitolea wanaouza nyama choma ili wapate fedha za mafuta. Tumesikia kwamba wakazi wanaweza kuomba waundiwe huduma yao wenyewe. Ombi hilo huandikwaje, na je, mimi mwenye ukaazi wa kudumu, ambaye si raia, ninaweza kulisaini?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mwisho wa swali lako: huwezi kulisaini. Sheria ya Texas inadai saini zisizopungua 100 za watu ambao wana sifa za kupiga kura na papo hapo wanamiliki ardhi au nyumba inayotozwa kodi ndani ya eneo linaloombewa. Ikiwa watu wa namna hiyo hawafiki 100, wengi wao wakisaini inatosha. Kama mkeo ni raia aliyejiandikisha na jina lake limo katika hati ya nyumba, yeye anaweza. Wewe unaruhusiwa kusimama na kutoa maoni ombi litakaposikilizwa, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya kila mkazi na kila mwenye mali katika eneo hilo.

Kinachoombwa huitwa wilaya ya huduma za dharura, yaani chombo cha umma kinachotoza kodi ya mali ili kugharamia zimamoto na huduma nyingine za dharura. (Wilaya hii haina mkuu wa wilaya.) Zamani zilikuwapo wilaya za kuzuia moto vijijini, ambazo kwa sehemu kubwa ya jimbo hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya senti 3 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, lakini mwaka 2003 ziligeuzwa kuwa hizi za sasa, ambazo ukomo wake ni senti 10.

Ombi hupelekwa kwa jaji wa kaunti, ambaye licha ya jina lake ndiye kiongozi wa serikali ya kaunti, na ndani ya ombi hutajwa jina la wilaya, huduma itakazotoa, anwani za waombaji na mipaka yake. Mipaka ndiyo yenye kazi, kwa kuwa ni lazima ielezwe kwa namna ambayo mpimaji anaweza kuifuata ardhini, na ikiingia ndani ya mji au katika ukanda wa nje ambao mji una mamlaka nao, mji huo lazima ukubali kwanza. Kwa maoni yangu, ramani itangulie saini, maana mpaka ukisogezwa baadaye, waliokwisha kusaini wanaweza kujikuta nje. Waombaji wasiopungua 2 huahidi pia kulipa gharama za uundaji zisizozidi dola 150.

Baada ya tangazo gazetini kwa wiki 2 mfululizo, makamishna wa kaunti, yaani baraza linaloiongoza, husikiliza ombi. Kikao chao huitwa mahakama, lakini usiogope jina. Hapo hakuna mshtakiwa. Wakiona kwamba mpango unatekelezeka na utaongeza usalama, huitisha uchaguzi, na wilaya huzaliwa pale tu wengi wa waliopiga kura wanapoikubali. Kisha, katika kaunti nyingi, makamishna huteua bodi ya watu 5.

Jirani zenu watauliza habari ya kodi, nanyi mjibuni kwa hesabu: nyumba ya dola 250,000, kwa kiwango cha juu kabisa na bila msamaha wowote, italipa dola 250 kwa mwaka. Msiwaahidi kwamba bima itashuka mara moja. Wanaopanga madaraja ya bima huangalia umbali wa barabara hadi kituoni, na nyumba iliyo zaidi ya maili 5 kwa kawaida huwekwa daraja la 10, ambalo ni la mwisho. Wilaya inawapa mamlaka ya kukusanya fedha. Kituo kitabaki kilipo mpaka bodi iamue kujenga kingine.

Wala si lazima bodi ianzishe kikosi kipya, kwa kuwa inaweza kuingia mkataba na hao hao wa kujitolea na kuwalipia magari, mafuta na vifaa. Kwa hiyo nendeni kwa mkuu wa kikosi chao kabla hamjachora mpaka, mkamuulize ni barabara zipi ambazo gari lake huchelewa kufika.