Tairi gani lisilotoboka ovyo kwa njia ya Likasi?

SWALI: Jambo papa fundi. Niko na kinga (baiskeli) ya mbio, magurudumu ya 700, matairi ya milimita 25. Kila siku natoka Ruashi kwenda kazini mjini Lubumbashi, na Jumapili tunatoka kikundi mpaka Kipushi, mara moja moja mpaka Likasi. Tangu mvua ianze napata pancha karibu kila wiki, zaidi gurudumu la nyuma. Rafiki mmoja ananiambia ninunue matairi mazito ya safari, mwingine anasema nimimine dawa ya kuziba ndani ya tyubu. Nina kilo 80. Nichukue nini?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe pesa kwanza. Ipulize tyubu iliyotoboka, izungushe karibu na shavu mpaka usikie inapopumulia, kisha liangalie tundu lenyewe. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba maana yake uliingia shimo ukiwa na upepo mdogo, rimu ikaibana tyubu. Hapo tatizo ni upepo, si tairi. Tundu likiwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu, basi utepe wa rimu umesogea na kichwa cha spoki kiko wazi. Lakini tundu moja upande wa nje, dogo hata macho hayalioni vizuri, ni la kitu kilichochoma. Kwa njia unazopita wewe, wa kwanza ninayemshuku ni waya.

Barabara ya Likasi ni ya malori ya migodi, na ndani ya tairi la lori mna nyuzi za chuma zenye rangi ya shaba. Tairi likipasuka, vipande vinasagwa na magari yanayofuata, nyuzi zinatupwa kando ya lami, pale pale tunaposukumwa sisi wa baiskeli. Kipande kimoja kinaweza kuwa kifupi kama ukucha na chembamba kuliko sindano ya kushonea. Kinanasa kwenye mpira, kila mzunguko kinazama kidogo, na asubuhi unakuta gurudumu limelala bila kujua lilitoboka wapi. Mvua inazidisha kwa sababu mpira uliolowa unakatika kirahisi kuliko mkavu, na maji yanakokota uchafu wa kando kuuleta njiani. Nyuma kunaumia zaidi kwa kuwa uzito wako mwingi uko huko, tena gurudumu la mbele linakiamsha kilicholala chini na kumwachia mwenzake.

Wengi wanabadilisha tyubu na kuuacha waya ndani ya tairi, kisha wanalalamika kwamba wamepata pancha tatu kwa siku. Ni pancha moja tu hiyo, imerudi mara tatu. Kwa hiyo kila unapofunga tairi, weka maandishi ya kampuni mkabala na valvu. Tyubu ikitoboka, unapima umbali kutoka valvu hadi tundu, na unajua mara moja pa kutafuta kwenye tairi. Kwa ndani pitisha pamba au kitambaa, si kidole. Pamba itanasa kwenye ncha. Halafu likunje tairi hapo mpaka ncha itokeze, uivute kwa kibano au kikata kucha. Kwado, yule mziba pancha wa kando ya barabara, hana muda wa kazi hiyo, ifanye mwenyewe.

Sasa matairi. Rafiki yako wa kwanza huenda anafikiria Schwalbe Marathon Plus. Lina tabaka la mpira lenye unene wa milimita 5 chini ya uso wake, na waya mwingi unaishia humo kabla ya kufika kwenye tyubu. Kwa mtu anayekwenda kazini tu, sina tairi jingine la kumshauri. Ila ni zito, zaidi ya mara mbili ya tairi la mbio la upana ule ule, na kulivalisha kwenye rimu kunaumiza vidole. Jumapili kikundi kitakuacha mlimani na utanitukana.

Kwa matumizi yako mchanganyiko ningechagua lililo katikati. Continental Gatorskin lina kitambaa kigumu chini ya uso na wavu unaolinda mashavu yake; linadumu, ila kwenye lami iliyolowa si la kuamini sana kwenye kona. Grand Prix 4-Season la kampuni hiyo hiyo lina tabaka mbili za nyuzi za Vectran, na kwa mvua zetu ndilo ninalolipenda zaidi, japo bei inauma. Usidanganyike na namba ya TPI (idadi ya nyuzi kwa inchi) iliyoandikwa ubavuni: kubwa maana yake nyuzi ni nyembamba na tairi ni laini, si kwamba halitobolewi.

Upana ndio watu wanaoudharau. Toka kwenye milimita 25, nenda 28, au 32 kama fremu inaruhusu. Jaribu hivi: ufunguo wa alen wa milimita 4 upite kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki, bila kugusa. Tairi pana linakwenda na upepo mdogo zaidi, linajikunja juu ya kokoto badala ya kuchomwa nayo. Kwa kilo zako, kwenye 28 anza na upepo wa baa 5 mbele na 5 na nusu nyuma. Kwenye 32 shusha baa moja kila upande. Zile baa 8 wanazojaza wengi zinafanya tairi liwe gumu kama kuni, na hazikuongezei mwendo kwenye lami iliyochakaa.

Tena angalia namba za ubavuni. Lako ni 622, yaani kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita. Sokoni unaweza kupewa tairi la inchi 28 la zile kinga za chuma za kubebea makala (mkaa); nyingi zake ni 635, na kwenye rimu yako litalegea na kuchomoka.

Dawa ya kuziba inafaa kwenye matairi mapana yenye upepo mdogo. Kwenye tyubu ya baiskeli ya mbio mara nyingi inarushwa nje kabla haijaganda, na baada ya miezi michache inakauka, hasa joto la Oktoba likipiga. Ule ukanda wa plastiki wa kuweka kati ya tairi na tyubu unazuia miiba, lakini ncha zake zinaisugua tyubu mpaka inatoboka. Ukiutumia, zikate mviringo na uzilainishe kwa msasa.

Pesa zikitosha tairi moja, liweke nyuma. La mbele libaki lile la sasa, kama halijapasuka mashavu, kwa sababu mbele unahitaji kushika lami kuliko kujilinda na waya. Na ukienda Likasi, karibu kilomita 120, beba tyubu mbili, viraka, na kipande cha tyubu ya dawa ya meno kilichooshwa: ubavu wa tairi ukichanika, kilaze ndani ya mchaniko, weka upepo kiasi, kitakufikisha.