Jibu: Galaxy Attack kwenye simu ya mama

Ndugu, nimekuelewa: mdogo wako anataka gemu la Galaxy Attack: Alien Shooter kwenye simu ya mama, nawe unahofia pesa zisikatwe. Kwa uchezaji, gemu hili halina neno. Ni la ukoo wa Space Invaders, gemu la mwaka 1978: chombo chako kiko chini, wavamizi wa anga wanashuka kwa makundi, unakwepa na kupiga. Kidole kimoja kinatosha.

Kupakua ni bure, ila kuna matangazo na vitu vya kununua, na hapo ndipo watoto hunaswa. Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio ya Play Store uweke nenosiri liombwe kwa kila ununuzi. Kisha cheza mwenyewe nusu saa. Ukishindwa hatua, je, ustadi unakuvusha, au unasukumwa ununue silaha? Gemu la namna hiyo ya pili mimi nalifuta. Gemu lolote likiomba kusoma SMS, kataa. Kupiga risasi hakuhitaji hilo.

Pesa zikikatwa kwa bahati mbaya, omba Google izirejeshe ndani ya saa 48. Kama ni kadi na humjui aliyeitumia, pigia benki mara moja.